Farasi Mia Nne wa Rangel

Siku ya Mtakatifu Todor ni siku ya farasi, na pale kijijini Gorno Brestovo kila mwenye farasi humleta uwanjani akiwa amesukwa nywele za shingo na kufungwa utepe mwekundu. Vijana wasio na farasi huleta magari. Wana sheria yao moja, na hawana mzaha nayo: kila mmoja hutaja mbele ya watu injini yake ina nguvu za farasi wangapi, na akibainika kadanganya, anapandishwa punda, uso kaelekea mkiani, anazungushwa uwanja mzima. Miaka yote hiyo walikuwa wakitishiana tu, maana nani angepima? Mwaka huu Valko, fundi wa mjini, alikuja na mashine juu ya trela: unapandisha gari, matairi yanazungusha rola, namba inajitokeza kwenye kioo. Loo! Wengi ghafla wakakumbuka kazi walizoacha nyumbani.

Rangel hakukumbuka kazi yoyote. Miaka mitano alikuwa akitaja mia nne, kifua mbele, na hakuna gari la kijiji hicho ambalo hakulishinda. Akalipandisha lake jeusi, akakanyaga mpaka mwisho, tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ikalia, watoto wakaziba masikio.

Mia moja themanini na saba.

Rangel aliisoma namba, akaisoma tena, akahisi uso unawaka moto.

"Mashine yako mbovu!"

"Mbovu vipi?" Valko akajibu. "Gari la Krum limeshuka hapo sasa hivi. Mia nne na sita, kama alivyosema mwenyewe."

"Rudia!"

Wakarudia. Mia moja themanini na tano. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Wee Rangel," Krum akapiga kelele, "hao wengine mia mbili wameenda malishoni?" Kisha kicheko kikamkwama. "Ngoja kwanza. Huyu kanishinda mara nne. Mara nne, jamani! Kwa farasi mia na themanini?"

Hapo hata waliokuwa wanacheka wakabaki midomo wazi. Rangel hakuwasikia. Alikuwa anamtafuta baba yake, Mzee Ganyo, aliyeifunga injini ile kwa mikono yake, kama alivyofunga nusu ya injini za pale uwanjani. Mzee alikuwa nyuma ya trela.

"Baba, uliniambia mia nne."

"Nilikuambia."

"Na tabo kubwa uliniwekea, niliiona kwa macho yangu!"

"Tabo ni kubwa kweli. Ila nimeibana, haisukumi hata nusu ya uwezo wake. Niliibana siku ile ile niliyokukabidhi ufunguo."

"Miaka mitano! Miaka mitano naringa kijijini kwa namba ya uongo!" Rangel akafoka. "Sasa Krum nilimshindaje?"

"Krum akikanyaga, matairi yake yanaunguza lami, gari lenyewe halijui liende wapi. Lako nililipunguza uzito, nikaliwekea matairi yanayoshika na breki za maana. Kwa barabara zetu hizi, mwanangu, farasi mia mbili wanatosha na kusaza."

"Nawaambia wote. Wewe ndiye muongo, wewe ndiye utakayepanda punda!"

"Nenda kawaambie."

Mzee alilitamka hilo taratibu kabisa, na wote wawili walijua maana yake. Kuanzia kesho hakuna ambaye angemwachia Ganyo injini yake tena.

"Lakini kwanza nijibu," mzee akasema. "Januari, ile kona ya chini ya monasteri, ulipoteleza kwenye barafu. Ulikuwa umekanyaga kiasi gani?"

Rangel aliikumbuka vizuri. Siku ile mkewe Zornitsa alikuwa kando yake, mimba ya miezi mitano. Gari lilisimama tairi moja likining'inia juu ya korongo. Watu wote aliwaambia kwamba ni ufundi wake wa usukani uliowaokoa.

"Mpaka mwisho," akasema.

"Ukijua una farasi mia nne."

"Ndiyo."

"Ungekuwa nao kweli..." Mzee akavua kofia. "Leo mama yako angekuwa jikoni anachemsha ngano ya kuwaombea marehemu, Rangel. Sufuria moja, ya watu watatu."

Rangel akakaa chini palepale kwenye nyasi. Kule mbele ya trela watu walikuwa wameanza kuita, "Punda! Punda!" Akainuka, akawatokea.

Krum alikuwa ameshika kamba ya punda. "Sema kweli, ndugu yangu. Nani aliyetudanganya, wewe au baba yako?"

Mzee Ganyo alikuwa amekuja nyuma ya mwanawe, kofia mkononi, tayari kusema.

"Mimi," Rangel akawahi. "Namba niliitunga mwenyewe. Mzee alinikataza, sikusikia."

Akapanda, uso kaelekea mkiani, na uwanja ukalipuka. Miluzi, makofi, matusi ya kirafiki. Katikati ya wanawake waliobeba mikate yao yenye umbo la farasi, alimwona Zornitsa, tumbo mbele, mkono kiunoni, anamcheka mpaka machozi yanamtoka. Rangel akamtazama, akaiona tena ile kona na tairi likining'inia juu ya korongo, akamshika punda kiuno kwa mikono yote miwili asianguke.