Tawi la Dada

Jumanne moja dada yake Fundi hakufika kazini, na saa nne asubuhi shemeji, mume wa dada, akapiga simu kusema hatafika tena. Moyo wa dada ulikuwa umesimama ghafla, akiwa anafunga viatu.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Humo dada na mdogo wake, ambaye wateja walimwita Fundi, walitengeneza programu tatu: ya zahanati, ya shule na ya gereji. Zote zilitegemea maktaba moja ya msimbo, yaani mkusanyiko wa maagizo ya kompyuta, iliyotafuta majina na kuhesabu tarehe na umri. Dada ndiye aliyeitunza. Kila badiliko alilifanya kwenye tawi la pembeni, yaani nakala ya majaribio, akalijaribu katika programu zote tatu, ndipo akaliunganisha na shina, yaani maktaba yenyewe.

Aliacha tawi moja wazi, hajaliunganisha. Fundi akaapa kutoligusa. Badala yake alinakili maktaba nzima mara tatu, kila programu na yake, akawaambia wateja kwamba ni mbinu ya kisasa ya usalama. Woga nao una majina mazuri.

Tangu hapo kila kosa alilirekebisha mara tatu, akikumbuka. Asipokumbuka, mara mbili. Mwezi wa pili baada ya msiba muuguzi wa zahanati akapiga.

"Fundi, nina kichanga cha siku tatu hapa. Kompyuta yako inasema ana miaka mia na nne. Nimpe maziwa au mkongojo?"

"Hilo mbona nilisharekebisha, sista."

"Ulimrekebishia nani? Huyu wangu bado mzee."

Alikuwa amerekebisha nakala ya shule, na ya gereji, ambako hakuna gari lenye siku ya kuzaliwa.

Shemeji, aliyekuja kuchukua sweta ya marehemu, alisikia yote; habari za tawi alikuwa akizijua.

"Sasa hilo tawi unamlindia nani, shemeji?"

"Ni kazi yake ya mwisho. Nikiliunganisha, basi, limefungwa."

"Angalau umelisoma?"

Hakuwa amelisoma. Mlinzi hodari, wa chumba asichojua kina nini. Akalifungua. Hesabu ya umri ilikuwa imeshapangwa upya, na juu yake dada alikuwa ameandika: "Imekamilika. Mdogo wangu aijaribu kwanza, asijifanye anajua."

Fundi alicheka mpaka machozi yakapata kisingizio. Shemeji akageukia dirishani.

Fundi alilijaribu tawi katika programu moja baada ya nyingine hadi alasiri, akaliunganisha na shina, akafuta nakala zake tatu. Muuguzi akathibitisha kwamba kichanga kimerudia siku zake tatu.

Tawi la dada limefungwa. Maktaba ni moja, na sasa anayeitunza ni Fundi.