Mpatanishi wa Bikira na Volkano

Daktari Homero Astudillo alikuwa na kazi ya kupatanisha. Wenzake hupatanisha mume na mke, au majirani waliogombania mpaka wa shamba. Yeye alipatanisha Biblia na fizikia, na kwa kuwa wagomvi hao hawakuwahi kufika mbele yake kulalamika, kazi ilikuwa nyepesi na yenye heshima. Alifundisha katika chuo kimoja cha binafsi huko Quito, ndevu zake zilichongwa vizuri, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mapadri walimpenda kwa sababu alikuwa mwanasayansi anayekwenda misa. Wanasayansi walimvumilia kwa sababu hawakuwahi kumsikiliza hadi mwisho.

Mhadhara wake ulikuwa ule ule, ila aliubadilishia jina kila alipokwenda. Ndani yake siku sita za uumbaji zilirefuka zikawa mamilioni ya miaka, Adamu alipewa babu mwenye mkia bila kuvunjiwa heshima, na Mungu aliwekwa juu kabisa, kama rais mstaafu, mahali ambapo hakumsumbua mtu. Watu walitoka wakitabasamu. Aliyeingia anaamini alitoka anaamini, na aliyeingia haamini alitoka na usingizi.

Basi Klever Paredes, meya wa Santa Rufina, alipompigia simu, daktari hakushangaa. Alijua siku moja ataitwa pale.

Mlima Urcurumi uliolala tangu enzi za bibi zetu ulikuwa umeanza kukoroma. Injinia Marlene Toapanta, mkuu wa kituo cha kuangalia volkano, alikuwa amesema mji uhame kabla ya sikukuu ya Bibi Yetu wa Majivu. Mama Zoila, mkuu wa chama cha Bikira, alikuwa amesema mji hauhami. Bikira aliwahi kuuzuia moto wa mlima pale kwenye daraja la mji kwa kuinua mkono tu, na anayekimbia kabla ya sikukuu yake anamtukana usoni.

"Daktari, watu wangu wamenigawanyikia," meya alisema. "Nusu wako kwa injinia, nusu wako kwa Mama Zoila. Njoo uwapatanishe."

"Na wewe mwenyewe unaonaje, Bwana Meya?"

"Mimi nina uchaguzi, Daktari. Sina maoni."

Alifika siku moja kabla ya sikukuu, akapokelewa kwa chakula nyumbani kwa Padri Anselmo. Palikuwa na supu nzito ya viazi na jibini, na simbilisi mzima wa kuchoma aliyekenua meno kwenye sahani. Padri alikuwa mtu mwembamba mwenye kidonda cha tumbo. Yeye alikunywa supu tu. Injinia Marlene alikuja na buti za matope, akala kwa haraka, kisha akasukuma sahani pembeni akaanza kuchora mezani kwa kidole.

"Mlima uko hapa. Ubavu wa huku umevimba. Ukipasuka, tope la moto litashuka na korongo la Chilcayacu, lipite darajani, liingie mtaa wa chini. Na kesho maandamano ya Bikira yanaelekea darajani."

"Litashuka kesho?" daktari aliuliza.

"Sijui. Kesho, wiki ijayo. Najua litashuka."

"Aa," alisema daktari, na uso wake ukang'aa. "Kwa hiyo hata sayansi ina fumbo lake."

Marlene alimtazama kama mtu anayetazama soksi iliyoingia kwenye supu.

Padri Anselmo ndiye aliyesema kwa upole. "Mwanangu, mimi nimewaambia kutoka madhabahuni waondoke. Wakasema imani yangu imepungua. Mama Zoila amenishtaki kwa askofu. Injinia naye wanasema ni mpagani. Wewe unapendwa na pande zote. Waambie neno moja: ondokeni."

"Nitawaambia kwa namna itakayokubalika na wote, Padri."

"Sijakuomba namna. Nimekuomba neno."

Daktari alitabasamu. Alikwishazoea watu wasiojua utamu wa mambo yenye pande mbili.

Jioni ukumbi wa parokia ulijaa pomoni. Waliokuwa kwa injinia walikaa kushoto, waliokuwa kwa Mama Zoila kulia, na katikati wakaacha njia kama kanisani siku ya harusi. Daktari aliongea akapaa. Alisema sayansi hueleza jinsi na imani hueleza kwa nini. Alisema hivyo ni vitabu viwili vya mwandishi mmoja. Alisema volkano ni kalamu ya Mungu, na kwamba mitambo ya Injinia Toapanta ni miwani ya kusomea. Wa kushoto wakapiga makofi, wa kulia nao wasikubali kushindwa. Mara mbili sakafu ilitikisika kidogo, na mara zote mbili alinyamaza kwa adabu, kana kwamba kuna mtu amekohoa.

Alipomaliza, Mama Zoila alisimama. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye kofia nyeusi ya sufi na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Daktari, Mungu akubariki, umesema vizuri. Mimi sikusoma, ila nina swali. Tuondoke au tubaki?"

Kule nyuma Marlene aliacha kuegemea ukuta. Padri Anselmo alifumba macho, na midomo yake ilikuwa inacheza.

Neno lenyewe daktari alikuwa nalo kinywani, fupi, jepesi, lingetoka kwa pumzi moja. Lakini aliwatazama wa kulia, akaona nyuso zile zilizokuwa zikimtabasamia zikianza kukaza. Akawaza kwamba kesho asubuhi wangemwita mpagani, yeye, mtu wa misa kila Jumapili.

"Swali lako, mama, lina uzito," alisema. "Lakini kuondoka ni nini? Abrahamu aliondoka. Na kubaki ni nini? Bikira alibaki chini ya msalaba. Kuna kuondoka kwa miguu na kuna kuondoka kwa moyo. Mwenye imani anayeondoka, kwa namna fulani anabaki. Na mwenye akili anayebaki, kwa namna fulani amekwisha kuondoka. La muhimu ni kwamba lolote tutakalolifanya, tulifanye tukiwa tumepatana."

Makofi yalitikisa madirisha. Wa kushoto walisema, umemsikia, ametuambia tuondoke. Wa kulia walisema, umemsikia, ametuambia tubaki. Wakashikana mikono, wakanywa pombe ya miwa iliyochemshwa na mdalasini, wakaimba pamoja kwa mara ya kwanza tangu mlima uanze kukoroma. Mwisho wa furaha hiyo yote, waliokuwa wamekwisha kufunga virago waliona vibaya kuwaacha wenzao siku ya sikukuu, wakavifungua.

Marlene alimkuta daktari mlangoni akipokea pongezi.

"Nilikuwa na nusu ya mji," alimwambia. "Sasa sina hata mtu mmoja."

"Injinia, lakini wamepatana."

"Ndiyo. Watakufa wamepatana."

Alfajiri daktari aliamka na wazo la busara. Alikuwa na kikao Quito. Si kweli, lakini mtu haachi kuwa na kikao Quito. Alimwambia dereva wake awashe gari.

"Barabara imezibwa, bosi," dereva alisema. "Maandamano yameshaanza kujipanga. Hadi Bikira arudi kanisani hapiti hata punda."

Na kabla hajafikiria la kufanya, Mama Zoila alikuwa amemshika mkono, watu wanacheka, bendi ya tarumbeta na ngoma inapiga. Mgeni wa heshima hubeba Bikira. Ndiyo desturi. Wakamvika joho la zambarau, wakampa mti wa machela ya Bikira, mbele upande wa kulia. Sanamu ilikuwa ya mbao ngumu, nguo zake zimelemewa na dhahabu ya nadhiri, na bega la daktari halikuwahi kubeba kitu kizito kuliko mkoba wa makaratasi. Kila hatua aliyopiga ilimpeleka karibu na daraja, nayo macho yake hayakubanduka kwenye mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika wingu kama mtu asiyetaka kutambuliwa.

"Omba, Daktari," alisema mbebaji wa upande wa pili, fundi seremala mmoja mwenye pua kubwa. "Au unahesabu?"

"Vyote viwili," alijibu, na meno yake yaligongana.

Walipofika kwenye kona inayotazamana na daraja, mlima ulipasuka. Haukuwa mlipuko wa kutisha kwa wenye kuujua. Marlene baadaye alisema ulikuwa wa wastani. Ulisikika kama lori linalomwaga mawe, kisha wingu jeusi likapanda, na upepo ukaleta harufu ya mayai yaliyooza. Watu walisimama. Wakamtazama Mama Zoila, wakamtazama Padri Anselmo, kisha wote kwa pamoja, kwa kuwa jana walikuwa wamepatana, wakamtazama daktari.

Daktari hakutafuta Abrahamu wala msalaba. Aliachia mti, akakusanya joho la zambarau hadi kiunoni, akasema mguu niponye. Alitimua mbio kupanda njia ya Quinchuco, mji jirani ulioko juu, akiacha kiatu kimoja nyuma, na alipiga ukelele mwembamba ambao hakuna aliyedhani unaweza kutoka kwenye ndevu zile.

Bikira aliinama upande mmoja. Seremala na wenzake wakawahi kumtua chini. Kwa muda kidogo mji mzima uliduwaa ukitazama soksi ya mwanasayansi ikipotea kilimani. Padri Anselmo ndiye aliyeiona nafasi. Alichukua kipaza sauti cha kuongozea rozari, akasema bila kupandisha sauti, "Wapendwa, mfuateni daktari."

Wakamfuata. Walikwenda na watoto migongoni, na kuku, na tarumbeta za bendi. Mama Zoila mwenyewe alikwenda, akiburutwa na wapwa zake wawili na akigeuka nyuma kila mara. Vikongwe wa miaka themanini walimpita daktari kwenye kilima cha kwanza, kwa maana pumzi zilikuwa zimemwishia na alikuwa ameketi kwenye mtaro akihema kama mbwa.

Hapo ndipo pikapu ya kituo cha volkano ilipomkuta. Marlene alimfungulia mlango. Daktari alijitupa ndani, akashukuru kwa machozi, kisha akaona gari linageuka kuelekea mjini.

"Tunarudi nyuma?"

"Tunamchukua Bikira."

Daktari alimtazama akidhani hakusikia. "Injinia, ile ni sanamu. Ni mti. Mti na rangi."

"Najua ni mti."

"Basi kwa nini tufe kwa ajili ya mti?"

"Hatufi, tope halijafika bado, nimeongea na kituo kwa redio." Alibadilisha gia. "Wakifika Quinchuco wakaona hayupo, kabla ya jua kuzama Mama Zoila atakuwa hapa chini, na mji wote nyuma yake. Tukifika tutamnyanyua; miguuni ndiko kwenye uzito. Wewe utashika miguu. Mimi kichwa."

"Lakini wewe huamini."

"Ninawajua watu wangu. Shuka."

Walimnyanyua wakampakia nyuma, kati ya betri na mabomba ya kupimia gesi. Daktari alikuwa akilia waziwazi. Walipokuwa kilimani walisikia korongo linavuma, wakaona tope la moto likiteremka na magogo na mawe, likalichukua daraja kama mtu anayefuta makombo mezani, likaingia mtaa wa chini. Nguruwe wengi walikufa, nyumba na shule zikazolewa. Binadamu hakufa hata mmoja.

Quinchuco waliwekwa kwenye uwanja wa mpira wa ndani. Pikapu ilipoingia na Bikira amesimama nyuma, dhahabu yake imefunikwa majivu, wanawake walipiga magoti. Mama Zoila alisogea, akamfuta uso kwa kitambaa chake, kisha akamgeukia Marlene.

"Nani amemleta?"

"Tulimkuta njiani, mama. Tukampa lifti."

Mama Zoila alikunja kitambaa chake chenye majivu. "Wewe hujaingia kanisani tangu ubatizwe."

"Kweli, mama."

"Kaa hapo ule." Akamwita mtu alete supu, akaamuru bakuli lijazwe, na viazi viwe vingi. Kisha akamwona daktari na soksi yake, ameketi pembeni. "Na wewe, Daktari. Jana tulikuuliza ukatujibu kwa mdomo, hatukuelewa kitu. Leo umetujibu kwa miguu, tumeelewa wote. Mungu akuongezee mbio. Mpeni naye kidogo."

Uwanja mzima ulicheka, na daktari akala akiwa ameinamisha kichwa. Alikula bakuli mbili.

Miezi ikapita. Watu wa Santa Rufina walikuwa bado kwenye nyumba za mabati huko Quinchuco, Bikira amewekwa kwenye kibanda kando ya mitungi ya maji, pale redio ya padri ilipoleta sauti ya daktari. Alikuwa akihojiwa na mtangazaji mmoja wa Quito. Sauti yake ilikuwa imerudi, laini vilevile. Alieleza jinsi siku ile, yeye mtu wa maabara, alivyorudi ndani ya wingu la majivu kumwokoa Bikira, kwa kuwa alitambua kwamba mwanasayansi na mwamini ni mtu mmoja. Injinia hakutajwa. Alitajwa dereva fulani.

Padri Anselmo alisikiliza huku amejishika tumbo. Marlene, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga waya wa kipaza sauti cha tahadhari kwenye mlingoti, aliendelea kufunga.

"Umesikia, mwanangu?" padri alimwuliza. "Amekufanya dereva."

"Gari nilikuwa naendesha kweli," alisema Marlene. "Hebu nipe koleo, Padri. Si hilo, lile dogo."