Utepe Mweusi wa Penko

Penko alikuwa na haja moja tu: Velika, mjane wa ng'ambo ya mto, aje walau siku moja aonje rojo lake la pilipili za kuchoma. Mapenzi ni kikohozi, na kijiji kizima kilishajua. Velika mwenyewe, kila akisalimiwa sokoni, alijibu kwa kisogo.

"Niandike kwenye hiyo blogu yako," Penko akamwambia mpwa wake Rositsa. "Velika huisoma kabla hata hajanawa uso."

Rositsa akaandika, akaweka na picha ya mjomba akikoroga sufuria. Blogu ya kijiji alikuwa ameipanga kila kundi la makala livae picha yake juu: Mapishi pilipili nyekundu, Arusi pete, Buriani utepe mweusi, kama ule wa matangazo ya misiba tunayobandika milangoni. Sasa, kwa kuwa Penko alimsifu sana marehemu mama yake aliyemfundisha kupika, Rositsa aliiweka makala katika Mapishi na katika Buriani pia. Blogu haikuuliza nani kafa. Ilishika kundi linalotangulia kwa herufi, ikamvisha Penko utepe.

Asubuhi Penko akakuta langoni bakuli la ngano ya kuchemsha, chakula cha matanga. Akampigia Rositsa.

"We binti, nimekufa lini, mbona sina habari?"

"Mungu wangu! Nisamehe, mjomba, naondoa sasa hivi!"

Penko akachungulia nje. Velika alikuwa anakuja, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu, mkononi maua mawili. Kwetu aliye hai hupewa moja au matatu. Mawili ni ya maiti.

"Usiguse kitu!" akanong'ona. "Niache nife kidogo."

Lango likafunguka. Velika akamwona amesimama na mwiko.

"Penko! Mzee mzima huna haya! Nimelia njia nzima!"

"Umenililia mimi?"

"Nyamaza!"

Penko akaogopa kweli, maana Velika angeondoka leo asingerudi tena. "Blogu ndiyo imekosea, Velika. Nami nilijua unakuja, nikanyamaza. Nilitaka tu uje."

Velika akayatazama maua yake. Kisha akachomoa moja, akalichomeka kwenye kitambaa chake cheusi, na lile lililobaki akampa Penko.

"Haya, shika. Na hilo rojo liko wapi?"