Irudi Kwanza

Ofisi yetu ya bandari ilikuwa Bunia, mbali na maji yenyewe. Bandari ilikuwa kule chini Kasenyi, baada ya Bogoro na ule mteremko unaochoma breki za malori. Sisi wa huku juu tulilijua ziwa kwa sauti tu: sauti ya Papa Félicien, rubani aliyeziongoza meli kuingia bandarini, ikitoka ndani ya redio ya kuitana tuliyoiita foni.

Foni ilikuwa mikononi mwa Alphonsine. Mimi nilikuwa nimetoka chuo mwaka huo, na kazi yangu ilikuwa kufuatilia vipimo vya maji ya bandari. Siku ya kwanza nilisema kwenye foni, "Maji yanarudi, Papa." Alphonsine alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

"Ya-ya-ya! Unaita yaya yako, dada yako mukubwa? Prudence, ile Swahili ya Biblia uache ku kanisa. Sema maji inarudi. Maji, meza, mbuzi, meli, yote ni i tu. Hapa kila mutu atakusikia."

Nikajifunza. Nikaanza hata kuipenda ile i, jinsi ilivyopokea kila kitu bila kuuliza kimetoka ukoo gani. Niliwaza kwamba na sisi watu wa Ituri tungeweza kuishi hivyo. Nilikuwa na mawazo ya namna hiyo.

Ziwa letu halina kupwa na kujaa kama bahari. Lina upepo. Upepo wa kusini ukivuma kutwa, huyasukuma maji kwenda upande wa Mahagi, na Kasenyi hubaki na maji haba: mchanga wa mlango wa bandari hukaribia juu, meli nzito ikipita inagusa. Upepo ukikatika, ziwa hulala laini kama kitambaa kilichopigwa pasi, na asiyelijua husema sasa ndiyo nafasi ya kuingia. Hapo ndipo pabaya. Maji yaliyokwenda hurudi kwa pamoja, na meli iliyokwama mchangani huibeba na kuitupa juu ya mawe ya gati. Kwa hiyo rubani huisimamisha meli nje, kwenye kina, mpaka maji yarudi na kutulia. Ndipo huiingiza.

Mwaka ule silaha zilikuwa zimenyamaza, karibu zote. Jamaa za Djugu zilizokuwa zimekimbilia Uganda, ng'ambo ya ziwa, zilianza kurudishwa kwa meli, na katika meli ya kwanza alikuwemo mama yake Alphonsine. Alphonsine alikuwa amemwandalia chumba, akakipaka chokaa na kuhamisha dirisha.

"Nimeiweka upande wa jua," aliniambia asubuhi ile. "Mama anapenda kuchagua maharagi kwenye mwangaza. Ataanza kunigombeza tu, utaona. Atasema nimekonda."

"Na umekonda."

"Funga kinywa. Ni mama yangu tu ataniambia."

Jamaa yake Alphonsine ni watu wa mashamba. Jamaa ya Papa Félicien ni watu wa ng'ombe, upande wa pili katika vita vilivyopita. Ofisi nzima ilijua maana yake, na hakuna aliyeitaja, kwa sababu tulikuwa katika amani.

Alasiri upepo ulikatika. Kule gatini wakubwa walikuwa wameketi chini ya turubai wakingoja kupigwa picha. Mkuu wetu, Chef Théodore, aliyekuwa akipigiwa simu nao bila kupumzika, aliingia chumbani na kukamata kinasa sauti cha foni.

"Félicien! Meli iko hapo mbele ya macho ya watu, ziwa iko kimya. Unangojea nini? Ingiza!"

"Hapana, Chef. Bado," alijibu Félicien kutoka gatini.

"Bado nini? Jua inapiga wakubwa!"

"Bado, Chef, nimesema. Irudi kwanza."

Mimi niliyasikia maji. Nilikuwa nimeangalia vipimo tangu asubuhi, sikuweza kusikia kitu kingine. Lakini foni ni moja kwa wote. Walichokisema Théodore na Félicien kilisikika pia ndani ya meli, na kule sitahani watu walikuwa wamekizunguka kisanduku cha foni wakingoja kuambiwa karibuni nyumbani.

Katsuva, nahodha wa meli, aliuliza taratibu, "Irudi? Irudi wapi?"

Nyuma yake sauti ya mwanamke ilipanda. "Ameisha sema turudi! Ni yeye, Félicien, mutu wa bale ba ng'ombe! Anatufukuza hata leo!"

Alphonsine alisimama. Niliuona uso wake ukijifunga.

"Ni maji, Yaya," nilimwambia. "Anasema maji irudi."

Nilinyoosha mkono nichukue kinasa sauti, lakini Chef Théodore alikuwa amekikaza kifuani huku kidole chake kikibana kitufe, akipiga kelele: "Félicien, nani amekupa ruhusa ya kurudisha watu? Nani?" Na foni ndivyo ilivyo: mmoja akibana kitufe, wengine wote ni mabubu. Félicien hakuweza kusema neno. Meli nzima ilimsikia mkuu wa bandari mwenyewe akithibitisha kwamba wanarudishwa.

Nilipompokonya, nilisema kwa Swahili zangu zote mbili. Maji irudi. Maji yarudi. Mungojee kidogo tu.

"Mademoiselle," alisema Katsuva, "watu wote wamekimbilia upande mumoja, wanalia. Meli itapinduka. Nageuza."

"Musigeuze! Papa Félicien atakuja kuwaongoza."

"Ameisha kuja. Iko mu pirogi, anapiga kafi mbio nyuma yetu. Wamemuona. Sasa ndiyo wanalia zaidi."

Yule mzee alikuwa ameacha kisanduku kilichozibwa na kelele za mkuu wake, akaingia ziwani kwa mtumbwi kwenda kuwaeleza kwa kinywa chake. Wao waliona mtu wa upande ule akiwafuata juu ya maji, kama walivyowahi kufuatwa. Katsuva aliongeza moto. Sauti yake ikafifia, ikazimika.

Jua lilikuwa bado halijatua foni ilipolia tena. Félicien alikuwa akihema.

"Bunia, maji imerudi. Imejaa muzuri, imetulia. Meli yeyote inaweza kuingia." Kisha, "Alphonsine, mwanangu. Meli iko wapi?"

Alphonsine alibana kitufe.

"Imerudi, Papa," akasema, na kukiachia.

Kesho yake mama yake alipiga simu kutoka ng'ambo. Alphonsine alimweleza habari ya upepo, ya mchanga na mawe, yote niliyomfundisha. Alieleza vizuri. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema alisikia na masikio yake mwenyewe," aliniambia alipomaliza. "Anasema mimi ndiye wamenidanganya."

"Lakini wewe unajua ni maji."

"Najua. Umenionyesha, naamini." Aliitazama foni. "Lakini ile saa aliposema, Prudence, na mimi sikusikia maji. Nimekaa na ile sauti kila siku, ananiita mwanangu, na sikusikia maji."

Meli ya pili haikuandaliwa. Chumba chenye dirisha upande wa jua kimepangishwa kwa mwalimu.

Papa Félicien bado ni rubani. Siku hizi hasemi kitu bila kukitaja. Maji inashuka. Maji imesimama. Meli ingojee, maji irudi kwanza, maji. Husema hata pasipo meli. Alphonsine humjibu, "Nimepata," basi.

Nami nimerudia Swahili yangu ya Biblia. Maji yanarudi, nasema kwenye foni, maji yamerudi. Hakuna anayecheka.