Kutoka Salala Hadi Bofu

Jalila alikuwa peke yake katika ofisi ya tiketi za ndege, Changamwe, alipoingia mzee aliyevaa kanzu ya pasi safi, macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, baba. Karibu uketi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Abdulghani, natoka Bofu, ng'ambo ya feri. Nataka kujua, toka uwanja wa ndege wa Salala, kule Omani, hadi huu wetu, ni mbali kiasi gani?"

Jalila alidhani ni msafiri. Akamweleza kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja, abiria hubadilisha njiani, na safari humaliza siku nzima.

"Sisemi abiria," mzee akamkatiza kwa upole. "Nipimie mstari ulionyooka, uwanja kwa uwanja."

Jalila akafungua ramani kwenye kompyuta, akavuta mstari juu ya bahari. "Kama kilomita elfu mbili na mia nane. Ndege ikinyoosha, ni mwendo wa saa nne hivi."

"Na toka hapa hadi Bofu?"

"Hilo waulizwe watu wa feri, baba," akacheka. "Foleni ikichacha, hata saa mbili, tatu."

Mzee akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Kisha akashusha pumzi.

"Basi ni yeye."

"Nani, baba?"

"Mke wangu, Mwanatabu. Alikwenda huko Salala kumwangalia binti yetu Ikhlas, aliyejifungua. Juzi baada ya adhuhuri Ikhlas akanipigia simu akilia, mama ameanguka, amefariki. Wakamzika huko huko. Baada ya isha nikasikia hodi mlangoni. Sauti yake, wallahi, ikiniita jina ambalo hakuna mwingine anayeniita. Nikasema haiwezekani, kule kote na huku, kwa saa sita, saba tu! Sikufungua, mwanangu. Nimemwacha nje mpaka akanyamaza."

Jalila akatamani lau angetaja mwendo mrefu zaidi. Akaanza kusema kwamba kompyuta hukosea, lakini mzee alikwisha kuinuka. "Allah akulipe kheri," akasema, akatoka mbiombio.

Kesho yake moyo haukumtulia. Akavuka feri hadi Bofu kumpa pole. Aliwakuta wanawake wa tanzia wameketi uani juani, mikeka ya ndani ikiwa mitupu. Akavua viatu, akaingia.

Mzee Abdulghani akampokea kwa uso mkunjufu. "Jana nilifungua, mwanangu." Akageukia chumba cha ndani, kilichoshushwa pazia. "Mwanatabu! Yule binti wa ofisini amekuja."

"Abee," ikaitika sauti ya mwanamke, taratibu, nyuma ya pazia.

Jalila akawatazama wanawake wa uani. Wote waliinamisha macho. Mmoja akazidi kuvuta uradi kwa haraka.

"Ingia," mzee akasema, akikamata pindo la pazia. "Ataka kukushukuru."

"Niwie radhi, baba. Feri itaniacha."

Akarudi kinyumenyume mpaka uani, kisha akatoka bila kumuaga mtu. Alipofika barabara kuu ndipo alipohisi lami inamchoma nyayo. Viatu vilibaki mlangoni kwa mzee. Hakurudi kuvichukua.