Mawe Juu ya Mlango wa Bibi Mwanamvua

"Nyumba ya tatu," nilisema, nikashika ubao kwa mikono miwili. "Hesabuni polepole."

Ubao ulikuwa umelala juu ya gololi za wanafunzi wangu, zilezile wanazonyang'anyana uwanjani, ili nikiusukuma utikisike kama ardhi wakati wa tetemeko. Nyumba tulizijenga kwa udongo, kimo cha kikombe, na mapaa tuliyakata kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Tuliziweka juu ya ubao moja moja. Ile yenye kuta za udongo mtupu ilianguka kabla ya kufika tano. Ile tuliyoifunga fito kwenye pembe ilipata ufa tu.

Ya tatu aliijenga Asia na wenzake. Nayo ilikuwa na fito, lakini juu ya bati walikuwa wamepanga vijiwe.

"Vijiwe hivyo sikuwaagiza."

"Mwalimu Elikana, bila mawe bati si litaruka?" Asia aliuliza, na darasa zima likanicheka. Nyumba ile niliichora kutoka kitabuni, na kitabu hakikuujua upepo wa ziwa unavyopiga Ujiji.

Nikasukuma ubao. Kuta zilisimama. Vijiwe viliteleza vyote, vikaanguka upande wa mlango.

"Imeshinda!" Feliksi alipiga makofi. "Nyumba imeshinda!"

Asia hakupiga makofi. "Mwalimu," alisema, "hapo ndipo anapokaa Bibi."

Jumanne ya wiki ile ardhi ilikuwa imetikisika kidogo. Jiwe moja lilitoka kwenye paa la bibi yake, Bibi Mwanamvua, likaanguka hatua moja kutoka kwenye karai lake la vitumbua. Bibi alisema ni paka.

Basi baada ya masomo nilimtafuta Martini, fundi mjenzi aliyevuka ziwa na wanawe kutoka Burundi, ambaye ndiye aliyetukatia fito. Tukaenda pamoja na Asia, tukamkuta Bibi kwenye kigoda chake mlangoni, chini ya ukingo wa bati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwalimu, fundi na ngazi. Nani kawaambia nyumba yangu inavunjwa?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akigeuza vitumbua.

"Mawe hayo aliyapandisha marehemu mume wangu," alisema, "mwaka ule upepo ulipobeba mabati mawili ukayatupa kwa jirani. Tangu hapo halijatikisika bati."

"Jumanne lilitikisika," alisema Asia.

"Yule paka."

"Paka gani, Bibi, aliyetikisa mpaka kabati la vyombo?"

Martini akacheka. Bibi akamgeukia. "Na wewe mkimbizi, ukishusha mawe upepo ukaja, si utakimbia tena?"

"Egome, ndiyo, Bibi, nitakimbia. Bati lako litabaki, maana nitakuwa nimeshalipigilia."

Bibi alicheka kidogo, lakini hakuinuka. Sikumlaumu. Upepo alikuwa ameuona kwa macho yake, na tetemeko la kuangusha mawe yote hakuwahi kuliona. Nikamtuma Asia shuleni akalete ubao, gololi na nyumba ya tatu.

Asia alivipanga pale chini, akarudisha vijiwe juu ya bati, kisha akaweka punje ya maharage mbele ya mlango.

"Huyu ni wewe, Bibi."

"Mbona umenifanya mdogo hivyo?"

Asia alisukuma ubao. Vijiwe vikashuka, na punje haikuonekana tena. Bibi aliinama, akaondoa kijiwe kimoja, halafu cha pili, mpaka akaipata ile punje. Akaifuta vumbi kwa kidole.

"Bati likiruka, mwalimu, nitahamia kwako."

"Karibu sana, Bibi."

"Haya, pandeni."

Alivuta kigoda na karai mpaka chini ya mpapai. Matundu ya misumari ya zamani yalikuwa yamepanuka, kwa hiyo Asia alikata vipande vya mviringo kutoka kwenye kandambili mbovu, na Martini akavitia chini ya vichwa vya misumari mipya ili bati likamatwe sawasawa. Tulifuata utaratibu mmoja: msumari kwanza, waya mpaka kwenye nguzo, ndipo jiwe lishuke ndani ya ndoo kwa kamba. Hatukushusha jiwe kabla bati halijashikwa.

Adhana ya magharibi ilipoanza, mawe kumi na moja ya upande wa mlango yalikuwa chini. Upande wa uani yalibaki tisa, na kandambili zilikuwa zimetuishia.

Bibi alirudisha kigoda chake mlangoni. Alitazama juu, akakaa.

"Kesho mje na kandambili nyingine," alisema. "Hizi zangu sizitoi. Na uani leo hapiti mtu."

Tuliiacha ngazi imeegemea ukuta. Darasani nyumba ya nne ilikuwa bado chini ya gunia bichi, haijatikiswa. Nayo kesho.