Kisiwa cha Kuazima

Jina lake halisi hata majirani walishalisahau. Tangu akiwa msichana mdogo aliitwa Redio, na alistahili kabisa, maana ukishamwasha, kumzima ni kazi. Alikuwa mwongoza watalii wa meli. Meli zile kubwa za starehe zilifika asubuhi, zikamwaga watu gatini, na jioni zikawazoa tena. Wengi walipakiwa kwenye mabasi yaliyopangwa na meli yenyewe, wakazungushwa, wakarudishwa wakiwa hawajui hata walichokiona. Lakini wapo waliotaka ziara ya peke yao, gari lao na mtu wao, na hao walimpigia Redio simu wakiwa bado kwao, wakaweka nafasi. Yeye aliwapokea na maneno yake ya siku zote, aliyoyakariri mpaka vichekesho, mpaka mahali pa kuvuta pumzi.

Sasa ikaja simu ya mama mmoja, ikamvuruga.

"Mwanangu," alisema yule mama, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "nataka ziara ya nusu siku, mimi na mume wangu tu. Ila kisiwa chako sikitaki."

"Hukitaki, mama?"

"Nataka ukifanye kingine."

Redio akajua leo kapata kichaa. Alikuwa tayari ametafuta neno la adabu la kukatia simu, mama alipoanza kueleza taratibu. Yeye alikuwa mkunga mstaafu, na mumewe kinyozi mstaafu. Walipooana, wakiwa vijana, walikwenda fungate kwenye kisiwa kingine, mbali huko, na siku hizi meli hazisimami tena pale kwa sababu bandari imejaa mchanga. Na mzee alikuwa amepoteza kumbukumbu. Si kusahau funguo wala miwani, hayo tunayo wote. Mzee alikuwa amemsahau mke. Alimwita "dada". Akipewa chai alishukuru kwa heshima zote, kama mtu aliyefikia kwa watu. Madaktari walisema hilo halina dawa, watoto wakasema mama, zoea. Mama hakuwa amezoea, na wala hakuwa na mpango huo. Ila zilikuwepo siku ambazo mzee aliamka kijana kabisa, akazungumzia kisiwa chao kile: ngazi za mawe, mlango wa buluu, maji ya kufika magotini.

"Nikimfikisha pale, labda atanijua," alisema mama. "Siombi siku nzima. Nataka aniangalie aseme, wewe ni mke wangu. Mara moja tu. Nikishasikia, nitanyamaza."

Redio alichukua kalamu, akaandika kiganjani: ngazi, mlango, maji.

"Nitakupatia mlango wa buluu, mama," alisema.

Na wala hakuwa nao! Ngazi za mawe zilikuwepo, na juu ya ngazi ilikuwepo nyumba ya shangazi yake, mshona mapazia, lakini mlango ulikuwa wa kijani. Wakaupaka rangi. Shangazi alilalamika kwamba hajapata kuona mtalii anayechagulia watu rangi ya mlango wao, ila brashi hakuiachia. Na alipoambiwa kwamba yeye atakuwa mwenye nyumba ya wageni, yule aliyewapokea maharusi enzi hizo, alianza mazoezi palepale mbele ya kioo.

"Wewe sema tu karibuni tena, shangazi. Usitie chumvi."

"Mimi nitie chumvi? Tangu lini?"

Siku yenyewe ilikuja na ukungu. Hakuna aliyeiona meli ikiingia. Ukungu ulipopungua kidogo ikawa imeshafika, nyeupe, madirisha juu ya madirisha, utadhani mtaa mzima umehamia pale na wenyewe hawajaamka. Sauti zote zilikuwa laini. Watu walikuwa wanashuka kwa makundi, wanazama kwenye weupe ule, wanaibukia kwenye mabasi. Redio alisimama kwenye geti la bandari na kipande cha boksi alichoandika KARIBUNI TENA, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa bibi harusi.

Wakatokea. Mama alikuwa mfupi, mnene kiasi, gauni la maua, mkoba ameukumbatia. Mzee alikuwa mrefu, amenyooka, nywele nyeupe zimechongwa vizuri, na viatu vinang'aa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee, kisha akasimama nyuma ya askari wa getini, akamkagua shingo kwa huruma. "Kijana, nani kakunyoa?"

Askari akajishika kisogo. "Kwani vipi, mzee?"

"Mrudie. Hajamaliza."

Redio aliangua kicheko, na mama naye akacheka, na mzee akageuka kumwangalia mama, akafurahi kwamba amemchekesha. "Umesikia, dada?" alimwambia. Lile neno "dada" lilimpata mama hapa, kifuani, Redio aliliona likiingia. Lakini mama alijikaza, akamshika mzee mkono, wakaingia garini.

Njia nzima Redio alikuwa anadanganya. Alidanganya kwa moyo mmoja, jamani, hakuwahi kuifanya kazi yake vizuri hivyo. "Pale, baba, ndipo mlipokuwa mnanunua magazeti." "Ile kona ndipo mlipopotea usiku wa kwanza." Mama alikuwa amempigia simu mara nyingi kumpa hadithi zote, na Redio alikuwa amezigawa mtaa kwa mtaa. Ukungu nao ulisaidia, ulificha vibao vya maduka na nguzo za simu, ukaacha kuta, ngazi na nguo zilizoanikwa. Mzee aliitikia, "Eeh, eeh," huku anaangalia nje kwa macho mapana. Na kitu cha ajabu kikampata Redio mwenyewe. Mitaa alimozaliwa ilianza kumwonekea migeni. Alipita mbele ya shule yake mwenyewe, akaiona ni jengo alilosimuliwa tu, mahali walipopita maharusi wawili wakati yeye hajawa hata wazo. Aliona raha na uchungu kwa pamoja, akapunguza mwendo.

Kwenye ngazi za mawe mama alimshika mzee mkono tena, wakapanda wakipumzika. Mlango wa buluu ulifunguliwa kabla hawajabisha.

"Wamekuja!" alipiga kelele shangazi, mikono juu. "Maharusi wangu! Hamjabadilika hata chembe!"

Redio alimkata jicho, lakini wapi. Shangazi alikuwa ameshapanda jukwaani. Akawaonyesha chumba chake cha kushonea, mapazia yameangikwa pande zote, meupe, yanapumua kwa upepo wa dirishani, akasema kitanda kilikuwa hapa, meza ilikuwa pale. Akasema bibi harusi alilia usiku wa kwanza kwa kukumbuka kwao. Akasema bwana harusi alivunja kikombe ambacho yeye mwenye nyumba alikirithi kwa mama yake mzazi.

"Nilivunja?" mzee alishtuka. "Mimi?"

"Wewe! Ukakificha chini ya kitanda!"

"Nisamehe sana, mama mwenye nyumba. Nitakilipa."

Mzee alihangaika, akaanza kujipekua mifukoni, uso umemsawijika kabisa, na mama akamkimbilia kumtuliza. Shangazi akabaki mdomo wazi. "Nimemsamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Kwanza kilikuwa na ufa." Redio angeweza kumfunga shangazi yake ndani ya pazia.

Lakini ndani ya lile zogo mzee alisimama katikati ya mapazia, akaligusa moja, akatabasamu. Alimwangalia mama muda mrefu.

"Dada," alisema mzee, "hapa panakufaa. Mwanga wake ni mzuri kwa uso wako."

Mama alishukuru. Akageukia dirisha, akafuta macho kwa ncha ya pazia la watu, na shangazi, Mungu ambariki, akalisogeza pazia limfikie vizuri.

Ilibaki sehemu moja. Redio aliwapeleka upande wa pili wa kisiwa, kwenye ghuba ndogo ambako maji hayazidi magoti mpaka uchoke kutembea. Hapakuwa na mtu. Bahari na mbingu zilikuwa rangi moja, huoni inapoishia hii na kuanzia ile, na maji yalikuwa ya vuguvugu, yametulia. Mzee alivua viatu bila kuambiwa. Akakunja suruali kwa ustadi, akaingia.

Mama alimfuata na gauni lake la maua. Walikwenda taratibu, mbali, mbali zaidi, wameshikana mikono, mpaka miguu yao haikuonekana tena, wakawa watu wawili wanaotembea juu ya weupe. Sauti zao zilifika zikiwa vipande. Mzee alikuwa anasimulia kitu, mama alikuwa anacheka kicheko cha msichana, na Redio pale ufukweni alijikuta anaomba kwa nguvu zake zote: amjue, amjue, amjue sasa hivi.

Ndipo akamwona mzee anasimama. Aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa mama, akautoa polepole, kwa adabu, akaanza kurudi ufukweni peke yake. Mama alibaki kwenye maji, mkono bado umenyooka.

"Mwanangu, njoo kidogo," alisema mzee alipofika. Alimvuta pembeni, akanong'ona. "Nina neno, nalo ni la aibu. Huyu dada tuliyekuja naye."

"Ndiyo, baba."

"Ni mtu mzuri. Mzuri mno. Nikimchekesha anacheka mpaka naona fahari. Sasa ananishika mkono. Na mimi, nisikufiche, napenda anavyonishika. Tatizo ndilo hilo." Akaangalia nyuma asije akasikika. "Mimi nina mke."

"Yuko wapi mkeo, baba?"

"Nyumbani, ananingoja. Mwembamba, ana haraka na kila kitu. Asubuhi anaimba jikoni. Anaimba vibaya, mwanangu! Vibaya, mpaka wateja wangu walikuwa wananionea huruma. Sijawahi kumwambia, na nitakufa sijamwambia." Macho ya mzee yalijaa mapenzi, hayakuwa na ukungu wowote. "Siwezi kumfanyia hivi. Mwambie huyu dada asinishike tena. Mwambie kwa upole, usimwaibishe. Wewe ni mwanamke mwenzake, utajua la kusema."

Basi Redio, bingwa wa maneno, aliingia majini na viatu vyake. Alimfikia mama, akamweleza yote kama alivyoambiwa, machozi yakimtiririka, na hakuongeza wala kupunguza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika kiuno.

"Naimba vibaya?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Miaka yote hiyo ananiambia naimba vizuri! Mnafiki mkubwa!" Akacheka, akacheka sana, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akalia amejishika magoti, gauni linaelea kumzunguka. Redio alimkumbatia.

"Mwambie ni wewe," alimsihi. "Nenda sasa hivi umwambie, mama! Si anakukumbuka!"

Mama alitikisa kichwa. "Nimeshamwambia mara nyingi. Ananitazama, ananitafuta usoni, hanioni. Halafu anaogopa, halafu anaona haya. Leo haogopi. Leo ana mke wake, anamjua, na amekataa mwanamke kwa ajili yake. Nikimtoa hapo nimpeleke wapi?"

Akanawa uso kwa maji ya bahari, akajiweka sawa.

"Kamwambie nimeelewa. Kamwambie nimemsifu."

Kurudi gatini mama alikaa mbele na Redio, mzee nyuma peke yake, amenyooka. Hakuna aliyesimulia mitaa. Ukungu ulikuwa umeondoka, vibao vya maduka vilisomeka vyote, na kisiwa kilikuwa kile cha Redio cha siku zote. Alilia kimyakimya njia nzima, hakujali nani anamwona.

Kwenye ngazi ya meli watu walikuwa wamejipanga. Mama alisimama hatua moja nyuma ya mzee. Kila mzee alipoyumba kidogo mkono wa mama ulinyanyuka, ukakaribia mgongo wake, ukashuka bila kugusa. Mzee akageuka.

"Dada, usinifikirie vibaya."

"Sikufikirii vibaya, kaka."

"Na wewe una mume?"

"Ninaye."

"Anakutunza?"

Mama alimtazama usoni, bila haraka, kama mtu anayetazama kitu chake mwenyewe.

"Ananitunza," alisema. "Leo ndiyo kanitunza kweli."

Mzee aliridhika na jibu hilo. Akasogea pembeni, akampisha apande kwanza.